Sigaa za Baba Hazishiki Moto

Baba, shikamoo.

Mdogo wako nimempata hapa Bangwe, mzima, kwenye nyumba ya wavuvi waliompokea. Mama mdogo bado yuko ng'ambo ya ziwa kwenye vita. Walipoteana watu walipokuwa wanagombania boti.

Sigaa ulizomsokotea nimempa. Kitambaa kibichi ulichozifungia zisipasuke njiani kimeziponza, maana huku ziwani unyevu hauishi. Anavuta mpaka mashavu yanabonyea, moshi hautoki. Nikazianika kando ya dagaa, zikakauka, lakini bado zinamzimikia mkononi. Kila boti ikitokea anasimama kuangalia, anasahau kuvuta.

Nikamwambia, "Baba mdogo, vuta taratibu."

Akasema, "Mwanangu, mimi kuwasha sijui. Mama yako mdogo ndiye huniwashia kwa kaa la jikoni. Anavuta yeye kwanza, ikikolea ndiyo ananipa."

Leo tena Mama mdogo hakushuka botini, na ziwa limechafuka.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Mtuombee. Sigaa moja Baba mdogo ameifunga kwenye nailoni, hataki mtu yeyote amwashie.

Mwanao, Zuhura