Tofali la Kushoto

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 11, mwezi wa pili wa majira ya Mafuriko

Tumbo la mjukuu wangu Merut limeshuka. Siku zimefika! Nimeteremsha matofali yangu mawili ya kuzalishia niipake rangi upya sura ya Heketi, mungu wetu wa uzazi mwenye kichwa cha chura. Nimekuta moja tu. La kulia halipo!

Jirani yangu Hunro anacheka: labda panya, bibi wewe. Panya gani anabeba tofali? Na mwanamke hachuchumai juu ya tofali moja. Nimepekua hadi mtungi wa bia. Nimekunywa kidogo — hasira.

Siku ya nne ya juma, tarehe 14

Kuteka maji, langoni mwa kijiji. Wanawake wameniona, wakakatiza soga. Nikawaambia semeni, nyote nimewaona uchi, aibu ya nini? Hunro ndiye kasema. Eti binti yangu Webkhet atakaa mbele ampokee mtoto. Mke wa mwoka mikate atamshika Merut kwa nyuma. Mimi nibaki nyumbani nipike.

Webkhet! Niliyemzaa mwenyewe! Miaka yote mimi mbele, yeye nyuma, akijifunza kwa kuchungulia juu ya bega la anayejifungua. Na tofali, asema Hunro, liko kwake, chini ya kitanda.

Sikula.

Siku ya kumi ya juma, ya mapumziko, tarehe 20

Nimemwendea Webkhet.

"Mama, mikono yako inatetemeka."

"Inatetemeka ikishika kikombe. Ikishika kichwa cha mtoto inatulia!"

"Merut ni mwanangu. Ningekuomba, ungekubali?"

"Hukuomba."

Akainama. Nikamuuliza, mbona umeiba moja? Kumbe alinisikia nakohoa, akakimbia. Hata wizi hajui, mtoto huyu! Nilitaka kucheka. Nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nimeinyoosha mikono juani. Imetulia. Halafu haikutulia. Upepo ule.

Siku ya pili ya juma, tarehe 22

Uchungu umemshika Merut tangu asubuhi. Webkhet amekuja mbio: Mama, lete tofali la kushoto. Nimelipakata, sikuinuka. Nikasema litakuja na mimi, nami nakaa mbele. Akasema, "Kaa nyuma, Mama. Umshike tu." Tu! Anasema tu, huyu aliyemaliza ujana wake huko nyuma!

Ndipo nikamwona kichwa. Nywele zimesukwa! Kwenye uzazi hatuachi fundo lolote, si la nywele si la mshipi, njia ya mtoto isije ikafungwa. Nimemfundisha hilo kabla hajaota maziwa. Hofu imemsahaulisha.

Nikamwambia geuka. Akageuka, akakaa miguuni pangu kama zamani. Nimefumua msuko mmoja mmoja. Mabega yake yalikuwa yakiruka — analia. Msamaha hakuomba. Sikumpa. Fundo la mwisho, kisogoni, vidole vyangu vimelishindwa. Akanyoosha mkono nyuma, akalifungua mwenyewe. Afadhali angenicheka!

Ametangulia. Uchungu bado unakuja kwa kuachana, kwa hiyo naandika hapa kwenye kigae, kwa alama alizonifundisha marehemu mume wangu. Shule ilikuwa ya wavulana. Mistari inapinda. Kigae kibaya hiki.

Nywele zangu nimeshazifungua. Tofali liko kapuni.

Namsikia Merut, nyumba ya pili. Mama yake yuko pale pale naye, lakini anaita Bibi! Bibi!

Nakuja, mwanangu. Bado sijajua nitakaa mbele au —