Msumari wa Shemeji

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, mlango nimeurudishia, na kwenye kioo najiona uso umenishuka.

Mimi ni kinyozi, nina mke na watoto wawili, na miaka yote kumi na moja ya ndoa yetu tumeishi nyumba za kupanga ambazo wenyewe hawataki kuona msumari ukutani, ndiyo maana saa ya ukutani tuliyopewa na mama mkwe siku ya harusi bado imo ndani ya boksi lake juu ya kabati, na kila tukihama mke wangu huipakata mwenyewe, hakubali iwekwe pamoja na vyombo. Sasa mwezi uliopita nikapata nyumba ya kununua, vyumba vitatu, dirisha la jikoni kubwa, ya zamani kidogo lakini imepakwa rangi wiki hiyo hiyo hadi inanukia, nikaipenda papo hapo, nikamleta mke wangu akaipenda kunishinda, akatoa penseli kwenye mkoba akachora kialama ukutani sebuleni, akasema, "Saa ya mama itakaa hapa," na mimi kesho yake nikawatangazia wateja wote, hadi leo hapa kazini naitwa Baba Mwenye Nyumba.

Mke wangu akataka kaka yake aikague kabla hatujasaini mkataba Ijumaa hii, kwa kuwa ni fundi mwashi, nikakubali nikijua shemeji atazunguka kidogo, atasifu, tuondoke zetu, lakini hakusifu kitu, alipanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani akasema mabati yametoboka, akagonga kuta zote, halafu akatoa msumari mfukoni, akauweka palepale penye alama ya penseli, akausukuma kwa dole gumba bila nyundo, ukazama wote. "Shemeji," akaniambia, "huu ukuta umelowa hadi ndani. Kinachoushikilia ni rangi."

Nikamsihi asimwambie dada yake, ambaye siku hiyo alikuwa kazini. Akaniandikia ubovu wote, kurasa mbili, akasema, "Nakupa hadi Alhamisi. Usiposema wewe, nitasema mimi." Karatasi nimeificha chini ya taulo za wateja, na mke wangu aliponiuliza kaka kasemaje nikamjibu kuna mambo madogo madogo tu. Jana nimemkuta ameitoa saa kwenye boksi anaifuta vumbi, nikashindwa hata kula. Je, nikisaini halafu nikarekebisha polepole kimyakimya nitakuwa nimekosea? Au nitafute fundi mwingine, mwenye roho nzuri kidogo?

Baba Mwenye Nyumba

*

Baba Mwenye Nyumba usiye na nyumba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikaacha.

Hebu nikuulize jambo la kazini kwako. Wazee wangapi wanaingia hapo na mvi zao, wakatoka na nywele nyeusi ti? Anayewapaka ni nani? Sasa iweje mtu wa kazi yako aingie kwenye nyumba ya zamani inayonukia rangi mbichi, asijiulize kinachofichwa? Ulivaa miwani ya mbao, ndugu yangu, kwa sababu jina lilishakukolea.

Fundi mwenye roho nzuri unaye tayari. Mwenye roho mbaya angelisifu dirisha la jikoni akaenda zake. Huyo unayemtaka si fundi, ni mtu wa kukubaliana nawe, na hao wamejaa hapo kwenye benchi wakisubiri kunyolewa.

Eti kimyakimya. Utaficha vipi ukuta wa sebule kwa mtu anayekaa sebuleni? Mvua ya kwanza itamweleza kila kitu, tena huenda mama mkwe amekuja kutazama saa yake.

Ninajua unachokiogopa, wala si ukuta. Unaogopa kumwona mkeo akiirudisha saa kwenye boksi. Hilo litauma, sikudanganyi. Lakini mwanamke aliyeipakata ile saa kila mlipohama anaweza kusubiri kuliko wewe. Kudanganywa ndiko hajazoea.

Kwa hiyo leo funga mapema. Toa karatasi chini ya hizo taulo, mpe aisome mwenyewe. Usimsomee, utaruka mistari. Mwambie yale "madogo madogo" yalikuwa uongo wako, kisha nyamaza aseme anachotaka kusema. Ijumaa msisaini. Nendeni na shemeji kwa mwenye nyumba, mumwonyeshe. Akiwa na nia ya kuuza, abadilishe mabati, abomoe plasta iliyooza, ukuta ukauke, na shemeji arudi na msumari wake baada ya mvua kubwa. Akikataa, muageni kwa heshima muondoke. Wateja wakikuita lile jina, itika tu, watachoka.

Mkienda kuona nyumba nyingine, msumari wa shemeji utangulie na penseli ifuate.

Kuhusu saa, mwambie mkeo asiirudishe kwenye boksi. Tieni betri, muiegemeze hapo hapo juu ya kabati, ianze kazi. Miaka kumi na moja, hivi kweli hakuna hata mmoja wenu aliyewaza hilo?