Simu Anazozikata Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na kule kuning'inia kwenye mashimo ya lifti hakujakumaliza. Sisi tunapumua. Cherehani yangu ingali inakoroma kama mjomba akishiba, na sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei na ujumbe wangu huufungui. Fundi mwenzako aliyekuja likizo ameahidi kukukabidhi mwenyewe.

Najua umenuna. Mara ya mwisho ulilalamika kwamba Mama anakukatia simu makusudi, kwamba ukianza tu kuongea anakata, ukipiga tena anakata tena. Ukasema kama amekuchoka aseme, maana ulimnunulia simu ya kioo kikubwa ili akuone vizuri, na shukrani yake ndiyo hiyo. Maneno yale aliyasikia, kaka, simu yangu ilikuwa kwenye spika. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kuikunja ileile moja, anaikunjua, anaikunja upya.

Zamani mlikuwa mnaongea vizuri. Tukikuuliza utakuja lini, ulikuwa ukicheka na kusema uje kufanya nini wakati kila Jumapili mnaonana uso kwa uso. Mama naye alikutania kwamba umenenepa, kwamba shati la kijani limekukaa, kwamba ndevu hizo zinakuzeesha. Ukafurahi. Hata mimi ningeridhika.

Sasa nikwambie nililokatazwa kusema. Mama haoni. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata, na daktari wa macho alituambia tumechelewa, hakuna la kufanya. Tukiwa bado kwenye korido ya hospitali alinishika mkono akaniapisha nisikwambie, kwa sababu kazi yako ni ya kuning'inia juu na ukiwa na mawazo utaanguka. Shati, ndevu, kitambi, yote ni mimi niliyekuwa nikimnong'oneza nikiwa pembeni. Hukugundua kwa sababu alitazama pale nilipomwelekeza, na kwenye simu hilo linatosha.

Wala hakukukatia makusudi. Akisikia sauti yako huanza kupapasa kioo, anautafuta uso wako, na kidole kinaangukia kile kitufe chekundu. Zamani nilikuwa namshikia simu mimi, siku hizi anataka kuishika mwenyewe. Nilijaribu kumshikia mbali, akaniomba nimrudishie, akasema atakuwa mwangalifu. Hawezi. Sauti ikikatika huuliza kama umekasirika, nami husingizia mtandao. Tangu uliponuna anashinda nayo mapajani. Juzi nilikuta imezimika, chaji imeisha sijui tangu saa ngapi, naye bado anaipapasa taratibu. Nilitoka nje nikalia.

Nimevunja kiapo, na akijua atanichukia kwa muda. Acha anichukie. Nakuomba usipige simu, kaka. Njoo. Ukae chini mbele yake, usiseme neno, umwache akushike uso mpaka atosheke.

Wasalimie wote unaoishi nao, na uvae mkanda wako wa usalama kabla hujaisoma barua hii mara ya pili. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu, mjomba anakusalimu. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku