Kiwango cha Kwenye Boksi

Alhamisi, Bombambili, Juni 1995

Daktari alikuwa ameshamwandikia Mama Komba dawa. Homoni yake ya uzazi ilizidi kiwango kilichoandikwa kwenye boksi la vipimo. Lakini kiwango hicho kilitokana na wanawake wa Kizungu, karatasi ya ndani yenyewe inasema.

Nikarudi maabara yangu, nikapima damu yangu na ya wauguzi watatu wa zahanati yetu. Sote tuna watoto na afya zetu. Sote tumezidi kiwango hicho.

"Basi dokta, tuandikie na sisi," nikamwambia.

Akaichana karatasi ya dawa ya Mama Komba. Najua watu wanne ni wachache, na hilo linanisumbua. Ila leo koti langu jeupe limenikaa.

Mama Komba aliningoja mlangoni. "Dada, kwa hiyo mimi mzima?"

"Mzima kama mimi."