Mvinyo wa Kusikilizia Rekodi Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima, kifua kiko sawa, na midomo haijachubuka kwa kupuliza hiyo saksafoni yako. Sisi huku hatujambo. Baa inakwenda vizuri, goti langu bado linanisumbua kukiwa na baridi, na shemeji yako amenawiri tangu arudi kutoka kumuuguza mama yake. Nilimtania kwamba kuuguza kumemkubali, akacheka.

Rekodi yako ya jazi niliipata. Uliandika kwamba mliipigia sebuleni kwako, wewe na wenzako wa besi na ngoma, watatu tu, ukaniomba niitafutie mvinyo wa kwenda nayo. Desturi ya baa yangu unaijua: kila Alhamisi wateja hunywa mvinyo mmoja huku wakisikiliza muziki mmoja, kisha kila mtu anasema alichoonja na alichosikia. Ukasema nikueleze ukweli, nisikuonee haya. Haya, sikuonei.

Nilijifungia baani asubuhi na chupa zangu. Mvinyo mweupe ulikataa kabisa. Saksafoni yako ikawa kama mtoto anayelilia peremende. Mwekundu mwepesi nao ulipwaya. Uliokaa sawasawa ni mwekundu mkavu, ule unaokaza ulimi. Ukiunywa huo hutaki kuongea, unabaki masikio matupu. Nikarudia wimbo wa mwisho, na spika zangu hazifichi kitu. Pale matoazi yanapofifia kuna mwanamke anacheka, halafu kwa sauti ya chini anakwambia inatosha, sasa uje kwake.

Alhamisi baa ilifurika. Shemeji yako nilimkalisha meza ya mbele, nikammiminia kwa mkono wangu. Wimbo ulipoisha, fundi cherehani wa jirani alisema amesikia mwanamke aliye na raha zake. Hakimu mstaafu, ambaye hupinga kila kitu, alisema leo hana pingamizi, mvinyo huu unamtoa yule mwanamke mpaka unamwona. Watu wakapiga makofi. Nikamuuliza shemeji yako yeye amesikia nini. Akasema hajasikia kitu. Nikawatangazia wateja kwamba mke wangu hajasikia, turudie. Tukarudia. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwongezea mvinyo, tukarudia tena, fundi wa watu akimwonyesha kwa kidole pa kutega sikio. Alimaliza glasi nzima akiniangalia. Sitakuficha, ndugu yangu, nilifurahi.

Kicheko kile nimeishi nacho ndani ya nyumba. Kinaanzia puani na kukatika katikati. Ila ile sauti ya kukuita sikuwa naijua. Tangu nimuoe hajaniita hivyo hata siku moja, na hilo limeniuma kuliko hicho kitanda chako. Mama yake nilimpigia simu. Alishangaa kusikia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Nyumbani sikumuuliza kitu. Leo nimemwambia nakuandikia kukualika uje upige hapa, na kwamba yeye ndiye atakayekuletea barua hii. Alinishika mkono akanishukuru. Nadhani anaamini yamekwisha. Hivi ninavyoandika yuko chumbani anapanga nguo, anaimba kidogo.

Ukifika kwenye mstari huu atakuwa amesimama mbele yako, anasubiri kuambiwa nimesema nini. Mtazame vizuri. Hajui kwamba akishaondoka tu seremala anakuja kubadilisha kitasa, na vitu vyake vilivyobaki navipeleka kwa mama yake, pamoja na sababu. Mwambie wewe, na umwambie sasa hivi, kabla hajakaa.

Nisalimie wenzako wa besi na ngoma. Wanapiga vizuri, sina neno nao. Usijibu barua hii.

Ni mimi,
aliyekuwa kaka yako.