Soksi ya Kisiagi na Mahari ya Katekista

Shangazi Wilkista mpendwa,

Natumai hii barua itakupata ukiwa na nafasi na roho ya huruma, mimi kwa mwili niko sawa lakini kwa roho naomba unishike mkono haraka kabla Pentekoste haijafika, kwa sababu hiyo siku ndio msichana wangu Nekesa anafaa kubatizwa na saa hii sijui kama atabatizwa ama atakaa tu hivyo kwa sababu ya mdomo yangu.

Naitwa Mukami, nimezaliwa hapa Kitale kwa familia ya wakulima, shule niliachia kidato cha pili, na naishi na baba ya mtoto, Mukhisa, ambaye kwao ni Kabuchai huko Bungoma. Hatujafunga ndoa kanisani na mahari pia hajaanza kutoa kwa baba yangu, si kwa ubaya, ni vile maisha haijafungua, lakini Shangazi hiyo neno mahari hata mtu akiitaja kwa redio mimi huwa napunguza sauti. Padre wetu ni mtu mzuri, alituambia mtoto hana makosa, atabatizwa bora yeye aone familia zote mbili zimeanza kutembea kuelekea ndoa, na mama mkwe wangu, Mama Phelista, akakubali kwamba siku ya ubatizo atakuja na wazee na ndama mmoja mwekundu wa kuanzia. Nilifurahi mpaka nikamwambia Nekesa, na yeye hata hajajua kuongea.

Sasa kazi yangu ni kwa kisiagi cha mzee Kibe, hapo watu wanaleta mahindi tunawasiagia unga. Kwa mdomo ya mashine kuna ile kitambaa refu ya kushika unga, sisi tunaiita soksi, na mashine ikizimwa lazima unga kiasi ibaki imeshikilia ndani ya soksi mpaka uipige na mkono ndio ianguke. Siku ya kwanza mzee Kibe aliniambia, "Mukami, maadili ya kazi hapa ni usichelewe, usipige domo na wateja, na soksi haikung'utwi mbele ya mteja." Kwa hivyo mteja akishaenda ndio nakung'uta, ingine inaenda kwa nguruwe wa mzee na ingine ananipimia mimi ya uji ya mtoto. Nilimuuliza kama hiyo si kuiba, akacheka, akasema kuiba ni kuingiza mkono kwa gunia ya mtu, hii ni maadili ya visiagi vyote vya hapa, uliza popote, na ni kweli niliuliza na wote wanafanya hivyo, na mzee Kibe ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, rozari yake imeshikwa mpaka ikaisha rangi, basi nikanyamaza na Nekesa akanenepa.

Ijumaa Mama Phelista akaja kutoka Kabuchai na mahindi yake mwenyewe, yale ya kuwekwa juu ya moto jikoni yasiingiwe na wadudu, akasema anataka unga ya sherehe ya ubatizo isiagwe na mkono wa mke wa kijana yake ndio watu waone ananiheshimu. Mzee Kibe alikuwa amesimama hapo hapo. Nikasiaga vizuri, nikazima mashine, nikafunga mfuko, na mama akabaki akiangalia soksi.

"Mukami, na hiyo?"

"Gani, mama?"

"Hiyo imevimba kama mguu wa mgonjwa. Kabuchai sisi tunapiga mpaka inabaki kitambaa."

"Mama, hapa hiyo ndio maadili ya kazi."

"Ati maadiri," akasema, akabeba mfuko yake kwa kichwa akatangulia kwetu, mahali angelala.

Jioni mzee Kibe akanipimia unga yangu kama kawaida, mimi bila kufikiria nikapika uji nikampatia mama kikombe, na Shangazi, alikunywa mara moja tu akaweka chini. Akasema pole pole, "Huu uji unanuka moshi wa jiko langu." Nilitamani ardhi inimeze na hiyo kikombe.

Kesho yake ilikuwa semina ya wazazi wanaobatiza watoto. Katekista Wangila, ambaye pia ni wa huko Bungoma, alianza kwa kutuomba akina mama tusirare kwa sababu somo ni ngumu na watu wa Kitare wanapenda kusinzia, tukacheka kidogo. Akasema Kiswahili inaita vitu viwili jina moja, maadili, lakini kanisa inajua kuna ethiksi na kuna moraliti. Halafu akasema, na alikuwa ananiangalia mimi, kwamba ethiksi inategemea mahari, kila mahari iko na ethiksi yake, lakini moraliti haitegemei mahari. Akarudia tena. Mama wawili wa mbele wakageuka kuniangalia. Nilisikia masikio imekuwa moto na kitu ingine yote alifundisha sikushika, ni hiyo tu nilitoka nayo, na njiani nikaifikiria mpaka nikaona aa, kumbe, basi hata mimi niko na haki.

Kwa sababu nilipofika nyumbani mama alikuwa ananingoja.

"Mukami, mtu akikuletea mahindi ya kubatizia mtoto wako, unaibia huyo?"

"Sio kuiba, mama. Ni maadili."

"Maadiri ya nani?"

"Hata katekista amesema leo, na ni mtu wa kwenu. Maadili inategemea mahari. Nyinyi hamjatoa. Mkitoa, nitakung'uta."

Shangazi, mama alifunga leso yake, akachukua mfuko ya unga, akasema, "Basi hata ndama itangoja hiyo maadiri yako ikomae," akaenda stegi kupanda matatu ya kwao. Mukhisa aliporudi akaniuliza umeambia mama yangu nini, nikamwambia ni vile katekista alifundisha, akaniambia basi niende nikaolewe na katekista. Tangu hiyo siku anaongea na Nekesa peke yake. Mimi nimeflash mama kwa simu ya jirani hata sijui mara ngapi, hachukui.

Sasa naomba uniambie kwa lugha rahisi, ni kweli mtu ambaye hajatolewa mahari hana ethiksi, na soksi nikung'ute ama nisikung'ute, na kama ni dhambi mbona mwenyekiti anafanya, na nitafanya nini ili ndama ije, yaani si ndama, mama aje, mtoto wangu abatizwe? Mimi bado niko na tumaini. Nekesa ameota jino la kwanza na bibi yake hajaiona.

Ni mimi,
Mama Nekesa, Kitale

*

Shangazi Wilkista anajibu:

Mukami mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili sikucheka.

Tuanze na katekista, maana maskini hajui hata kwamba anashtakiwa. Alipowaambia msirare, ulijua anasema msilale. Aliposema Kitare, ulijua ni hapo kwenu Kitale. Mama mkwe aliposema maadiri, uliandika na ukaelewa. Kwa nini basi neno moja tu, mahari, ndilo ulilolichukua jinsi lilivyotoka kinywani? Katekista alisema mahali, mama. Kila mahali pana ethiksi yake. Alikuwa anafundisha vizuri, tena vizuri sana, na wewe ulikuwa unasikiliza kidonda chako. Kuhusu wale mama wawili waliogeuka, mimi nadhani walikuwa wanaangalia saa ya ukutani.

Sasa nikuambie ulichokikosa masikio yako yalipokuwa moto. Ethiksi ni yale watu wanakaa chini wakafikiria na wakakubaliana kuhusu mwenendo mwema wa kazi fulani au mahali fulani. Daktari ana yake, mwalimu ana yake, na mwenye kisiagi ana yake. Ni kitu kizuri. Usichelewe ni ethiksi nzuri. Usipige domo juu ya mahindi ya watu, hiyo nayo ni nzuri sana, na wewe ungeifuata nyumbani pia ungekuwa mbali. Inaweza kubadilika ukivuka mto, ndiyo maana Kabuchai wanapiga soksi na Kitale hamuipigi.

Moraliti ni kile unachomfanyia mtu, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, Mungu akiwa anaona. Hiyo haiulizi uko upande gani wa mto. Kanisa linatufundisha tuangalie kitendo chenyewe, kisha nia, kisha mazingira. Nia yako ilikuwa uji wa mtoto, na hiyo ni nia ya mama. Mazingira yako ni magumu, na hayo yanapunguza lawama. Lakini nia nzuri haiwezi kuingia ndani ya kitendo kibaya ikakitoa kikiwa kizuri, hata ukiipitisha kwenye mashine ya mzee Kibe. Unga ni wa mwenye mahindi, na kumchukulia mtu chake bila yeye kujua kuna jina lake tangu Mlima Sinai.

Unaniuliza mbona mwenyekiti anafanya. Soma tena sheria yake. Hakusema soksi haikung'utwi. Alisema haikung'utwi mbele ya mteja. Neno hilo mbele limemaliza kesi yote, na amelisema yeye mwenyewe. Sheria inayongoja mteja ageuze mgongo inajijua. Na kwamba visiagi vyote vinafanya hivyo, hiyo inatuambia tu kwamba nguruwe wengi wa Kitale wanakula vizuri.

Na dhamiri yako ilifanya kazi, Mukami. Siku ile ulipomuuliza mzee kama si kuiba, hiyo ilikuwa ni yenyewe inaongea. Uliinyamazisha kwa rozari ya mtu mwingine. Kila mtu anasali na yake.

Lakini kosa la soksi ni dogo. Kosa kubwa ni la Jumamosi. Mama wa watu ametoka Kabuchai na mahindi kichwani ili akuheshimu mbele ya watu, amekunywa mahindi yake kwenye kikombe chako na hakupiga kelele, na wewe ukamwambia adabu yako inauzwa na ndama ndiyo bei. Hata kama katekista angekuwa amesema mahari kweli, akalisema kwa Kilatini, mtu haheshimu bibi wa mtoto wake kwa awamu.

Pole. Nimemaliza kugomba. Sasa fanya hivi.

Jumatatu asubuhi, kabla mashine haijawashwa, mwambie mzee Kibe kwa heshima, mkiwa wawili, "Mzee, kuanzia leo nitakung'uta mteja akiwa hapa. Kama unataka unga wa soksi uwe sehemu ya malipo, tuandike ukutani chini ya bei, mteja asome na achague." Akikubali kuandika, hapo hakuna wizi, ni biashara, na unaweza kula uji wako ukiwa umetulia. Akikataa, kung'uta hivyo hivyo. Anaweza kukufukuza, na sitakudanganya kwamba hilo ni jambo dogo kwa mama anayenyonyesha. Ila nakuuliza wewe unayeijua kazi hiyo: wateja wakisikia kuna kisiagi ambapo msichana anapiga soksi mpaka inabaki kitambaa, watapanga foleni wapi? Mzee Kibe ni mfanyabiashara. Ataliona hilo hata kabla hajaiona dhambi yake.

Unga uliokula wa watu ambao hutawapata, ulipe kwa wasiojiweza wa jumuiya yenu, kidogo kidogo, kwa mahindi ya jasho lako. Halafu nenda kitubioni. Hata kama bado hampokei komunio, padre hatakufukuza mlangoni ukija kuongea.

Na uache kuflash. Hakuna mtu ameombwa msamaha kwa kuflash. Anaona namba ya jirani asiyemjua inalia mara moja na kukata, anafikiri ni vijana wa mchezo.

Jumapili baada ya misa, mchukue Mukhisa na Nekesa mwende Kabuchai. Nunua mahindi, saga mwenyewe, kung'uta, ubebe unga mara mbili ya ule uliobaki kwenye soksi siku ile. Ukifika sema, "Mama, nimekukosea." Usiongeze lakini. Usitaje mzee Kibe, usitaje katekista, na ndama usimtaje kabisa, hata ukimwona amefungwa hapo mbele ya nyumba. Mwekee Nekesa mapajani na umwache huyo mtoto acheke, jino litaonekana lenyewe.

Jambo la mwisho. Mimi ni mzaliwa wa Tongaren, Bungoma hiyo hiyo ya katekista, na kabla haya maneno hayajakufikia kuna kijana ofisini hapa anayeninyooshea herufi zangu. Huko Kabuchai hutakuwa naye. Mama Phelista atakuwa jikoni na hatainuka haraka, anayo haki. Wewe ngoja mlangoni. Na akikuambia, "Ingia, Mukami, kaa mahari pako," tafadhali usianze kumweleza ethiksi. Anakuonyesha kiti.

Kaa.