Vidonge vya Pindo la Khanga

Salma mdogo wangu,

Hujambo wewe na shemeji? Nakuandikia nikiwa ndani ya kivuko, katikati ya ziwa hapa Toronto. Upepo unanivuta mtandio, na kichefuchefu sina hata chembe.

Safari ya kwanza sikuona kitu. Nilikuwa nimeshameza dawa ya mafua, nikaongeza vidonge viwili vya kuzuia kichefuchefu ulivyonifungia kwenye pindo la khanga, maana ulisema kimoja hakitoshi. Nililala kwenda na kurudi. Binti yangu Zuhura alinitikisa mpaka akalia, akidhani nimezimia.

Kesho yake akanipeleka duka la dawa. Mfamasia ni mama wa Bukavu. Aliuliza boksi liko wapi, nikamfungulia pindo. Alicheka, kisha akakaza uso: "Mama, kidonge kisicho na boksi mimi sikijui. Na vya safari na vya mafua, vingi vinaleta usingizi. Usivichanganye." Akaniuzia vya boksi, nimeze kimoja tu, nusu saa kabla ya kupanda. Akauliza pia kama nina presha ya macho, kwa kuwa mwenye nayo hamezi bila kumwuliza daktari.

Nikamkumbuka mumeo. Asiviguse vile vilivyobaki kwako, Salma, tafadhali.

Leo nimekula chipsi zilizonyunyiziwa siki, na nimeyaona maghorofa yote ya mjini yakibaki nyuma yetu. Kwenye pindo lile nimekufungia kijiwe cha ufukweni. Hicho usimpe mtu ameze.

Dada yako, leo yuko macho,
Mwanaidi